Gogogo Kibeti: Kambare wa Tanganyika katika Tangi la Kongowea

Gogogo kibeti ni kambare mdogo wa maji matamu anayetoka Ziwa Tanganyika. Jina lake la kitaalamu ni Synodontis lucipinnis. Akikomaa kabisa huwa na urefu wa sentimita 8 hivi, yaani hajai hata kiganja cha mtu mzima. Mwili wake ni wa kahawia iliyopauka, umetapakaa madoa meusi kuanzia kichwani hadi tumboni. Mapezi yake ni meusi yenye ukingo mweupe, na penye shina la pezi pana kijidirisha chenye rangi nyepesi, kana kwamba aliyempaka rangi aliishiwa na wino kabla ya kufika mwilini. Mdomoni ana sharubu jozi tatu. Zile za chini zina vitawi vidogo, na hizo ndizo anazopapasia mchanga usiku akitafuta chakula.

Jina la gogogo si lake peke yake. Wavuvi wa upande wa Tanzania huwaita hivyo Synodontis wote. Wajaluo humwita okoko, na kule Uganda ni nkolongo. Samaki hawa wana miiba mitatu migumu, mmoja mgongoni na miwili ya pembeni, ambayo huifunga kama komeo wanaposhikwa. Wakisugua mwiba wa pembeni katika kitako chake hutoa sauti ya kukwaruza inayosikika hata nje ya maji. Aliyewahi kumtoa mmoja kwenye wavu hahitaji kuelezwa jina lilikotoka.

Ulimwengu wa sayansi ulichelewa kumtambua kibeti. Mwaka 1959 Hubert Matthes alimwandika ndugu yake, Synodontis petricola, na kwa miaka mingi baadaye wote wawili walihesabiwa kuwa samaki mmoja. Ilikuwa mwaka 2006 ambapo Jeremy Wright na Lawrence Page waliwapitia upya gogogo wote wa Tanganyika, wakamtenga lucipinnis na kumpa jina lake. Madukani mabadiliko hayo hayajafika vizuri. Mnunuzi akitaja lucipinnis huenda muuzaji akamkodolea macho, lakini akisema petricola ataonyeshwa tangi lenye vibeti. Kijidirisha cheupe penye shina la mapezi ndicho kitambulisho: petricola wa kweli weusi wake huteremka hadi mwilini, na yeye huwa mkubwa kidogo.

Wa kuchunga zaidi ni Synodontis multipunctatus, ambaye hufanana nao kwa mbali, ila macho yake ni makubwa na tumbo lake ni jeupe lisilo na doa. Huyu ndiye aliyepata umaarufu mwaka 1986, Mjapani Tetsu Sato alipoeleza katika jarida la Nature jinsi anavyolea watoto wake kwa mgongo wa wengine. Hutaga katikati ya siklidi, jamaa za ngege na perege, wale wanaoatamia mayai kinywani. Mama siklidi huyaokota mayai ya mgeni pamoja na yake, na vifaranga vya gogogo vikianguliwa mapema huwala wenyeji mle mle kinywani. Kibeti mara nyingi husingiziwa tabia hiyo. Hana. Anayemnunua kwa ajili ya kuona kioja hicho amenunua samaki siye.

Sababu ya kumfikiria kibeti mtu akiwa Kongowea ni maji. Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470 na linalogawanywa na Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, lina maji magumu yenye madini mengi, na pH yake hukaribia 9. Wanaoanza kufuga samaki wa mapambo huuziwa samaki wa mito ya Amazon, waliozoea maji laini yenye tindikali kidogo, kisha hushangaa wanapokufa mmoja baada ya mwingine. Bara la kaskazini mwa Mombasa, kuanzia Kongowea na Nyali hadi Kisauni, limekaa juu ya mwamba wa matumbawe ya kale, ambao ni chokaa tupu. Kisima kinachochimbwa humo hutoa maji magumu. Maji yanayoziba kichwa cha bomba la bafu na kuacha ukoko mweupe ndani ya birika humfaa kibeti kuliko chupa yoyote ya dawa ya kurekebisha maji.

Hata hivyo kisima si kisima tu. Wakazi hutenganisha maji matamu na maji ya chumvi, na hapa tofauti hiyo ina uzito. Ugumu wa chokaa anautaka. Chumvi ya bahari inayopenyeza kwenye visima vilivyo karibu na mkondo hataki. Kipimo cha kwanza ni ulimi: maji yakiwa na ladha ya chumvi, hayafai kujaza tangi. Kipimo cha pili ni kalamu ya kupimia madini yaliyoyeyuka, inayouzwa kwa wauzaji wa mitambo ya kuchuja maji ya kunywa. Maji ya Tanganyika yenyewe huwa na miligramu 400 na kitu kwa lita. Kisima kinachosoma zaidi ya 1,000 kichanganywe na maji ya bomba au ya mvua hadi hesabu ishuke.

Jambo jingine la visima ni majirani zake. Penye nyumba zilizobanana na vyoo vya shimo, naitreti hupenya ardhini na kuingia kisimani, na maji yanaweza kuonekana meupe pe huku yamebeba uchafu huo. Vibanzi vya kupimia naitreti hutumika mara moja tu kwa kisima kipya, kisha mara moja kila msimu wa mvua. Maji ya bomba, yawe ya chemchemi za Mzima au ya Baricho kando ya Mto Sabaki, hayana shaka hiyo, lakini yana klorini. Yakae kwenye ndoo isiyofunikwa kwa siku nzima, jiwe la hewa likibubujika ndani, ndipo yaguse samaki. Yanayoletwa na mkokoteni yaulizwe yalikotekwa: mtungi wa leo unaweza kuwa wa bomba na wa kesho wa kisima, na muuzaji haoni sababu ya kusema asipoulizwa.

Tangi la kundi la vibeti watano au sita liwe na urefu wa sentimita 90, upana 40 na kimo 40. Hizo ni lita 144 kwa hesabu, na baada ya mchanga na mawe hubaki nafasi ya mitungi sita hivi ya lita 20. Fundi wa vioo anayetengeneza madirisha na kabati anaweza kuliunganisha, mradi atumie silikoni isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, kwani dawa hiyo huua samaki. Likijazwa maji na mawe, tangi la ukubwa huo hupita kilo 150. Meza ya runinga hailiwezi. Panafaa sakafu iliyosawazishwa na stendi ya chuma, na chini ya kioo kuwe na kipande cha povu la godoro ili pasipo sawa pasipasue.

Pa kuliweka ni suala la joto. Ziwani kibeti huishi katika nyuzi 24 hadi 27. Kongowea, katika chumba chenye paa la mabati, maji yaliyosimama hupita hapo bila taabu kuanzia Januari hadi Machi, kaskazi ikivuma. Hita haihitajiki mwaka mzima. Anayeuziwa hita Mombasa ameuziwa koti. Adui ni joto la kuzidi, kwa sababu maji ya moto hubeba hewa kidogo. Kwa nyuzi 25 lita moja ya maji yaliyoshiba hewa huwa na miligramu 8.3 za oksijeni. Kwa nyuzi 30 hubaki 7.6 hivi, na wakati huo huo samaki anapumua kwa kasi zaidi. Kwenye nyumba za Kiswahili mahali pazuri ni ukumbini, kwenye ile njia ya katikati inayopitisha upepo kutoka mlango wa mbele hadi uani, mbali na dirisha linalopigwa na jua la alasiri. Siku za joto kali feni ndogo ikielekezwa juu ya uso wa maji hushusha nyuzi mbili au tatu kwa kuyafanya yapae mvuke. Yanayopungua kwa njia hiyo yajazwe kwa maji ya mvua au ya bomba. Akijaza ya kisima, madini hubaki na kujilimbikiza wiki baada ya wiki, maana kinachopaa ni maji matupu.

Kichujio cha sponji kinachosukumwa na pampu ya hewa kinatosha, na viwili ni bora kuliko kimoja. Sponji ndiyo makazi ya bakteria wanaogeuza amonia ya kinyesi kuwa naitriti, kisha naitreti isiyo na madhara makubwa. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kukua, na katika maji ya aina hii muda huo hauna njia ya mkato. Amonia huwa na sura mbili, moja sumu na nyingine afadhali, na pH ndiyo inayoamua ipi itawale. Katika maji ya nyuzi 28 yenye pH 7, sehemu yenye sumu haifiki asilimia 1. Katika joto hilo hilo, pH ikiwa 8.5, hufika asilimia 18 hivi. Kosa dogo ambalo mfugaji wa samaki wa Amazon angelisamehewa, mfugaji wa samaki wa Tanganyika hulilipia siku hiyo hiyo. Anayemfahamu mtu mwenye tangi la zamani amwombe akamulie sponji yake chafu ndani ya tangi jipya. Maji machafu yale ya kahawia yana thamani kuliko bakteria wa chupa.

Stima ikipotea usiku, au tokeni zikiisha wakati hakuna anayetazama mita, sponji hukosa hewa na bakteria huanza kufa baada ya saa chache. Pampu ndogo ya betri, ile inayojiwasha yenyewe umeme ukikatika, ni kifaa cha lazima, si cha anasa. Asiye nayo hutumia kikombe: kuteka maji ya tangi na kuyamimina kutoka kimo cha mkono, mara ishirini hivi kila nusu saa. Wakati huo samaki wasilishwe chochote hadi umeme urudi na kukaa.

Mchanga uwe laini. Ule wa ujenzi huchekechwa, ukaoshwa kwenye beseni hadi maji yatoke meupe, na chembe zenye makali zikatupwa, kwa kuwa hukata sharubu, na sharubu zilizokatika huoza. Mawe ndiyo nyumba. Kibeti ni samaki wa nyufa na mapango, na asipokuwa na pa kujificha hukaa ameng'ang'ania pembe ya kichujio, rangi imempauka, wala hali. Mawe ya chokaa ya machimbo, yale yanayojengewa nyumba, yanafaa sana. Jiwe likidondoshewa limau likatoa povu, ni chokaa kweli. Matumbawe ya baharini yaachwe baharini, yawe hai au yamekufa. Panaweza pia kuongezwa vyungu vidogo vya udongo kutoka soko la Kongowea, vikilazwa ubavu, na vifuu vya nazi vilivyochemshwa mara kadhaa hadi maji yasigeuke rangi. Rundo la mawe lianzie kwenye kioo cha chini, mchanga ufuate baadaye. Likiwekwa juu ya mchanga, kambare hufukua na rundo huporomoka.

Kununua kuna mitego yake. Gogogo wengi wanaoingia sokoni ni machotara wa mashambani, waliochanganywa spishi mbili au tatu, wenye madoa ya kuvutia na asili isiyojulikana. Wengine hukua mara tatu ya kibeti. Samaki mwenye madoa yaliyoungana kama ramani atiliwe shaka. Mwenye afya ana tumbo lililojaa, sharubu zote sita nzima, na akitikiswa na kivuli hukimbilia ufa. Asishikwe kwa wavu: miiba yake hujifunga kwenye nyuzi, na kumvuta ni kumjeruhi. Hutekwa kwa bakuli au kikombe. Ikitokea amenasa, nyuzi zikatwe kwa mkasi na wavu upotee. Kumsafirisha, ndoo yenye mfuniko ni bora kuliko mfuko wa plastiki, ambao mwiba huutoboa njiani. Na tangu Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya kubebea mwaka 2017, ndoo imekuwa rahisi kupatikana kuliko mfuko. Akifika nyumbani, maji ya tangi yatiririshwe tone kwa tone ndani ya ndoo kwa saa nzima kupitia mpira wa pampu uliopigwa fundo.

Wanunuliwe watano au zaidi kwa mara moja. Mmoja peke yake hujificha na haonekani hadi mwenye tangi akadhani amekufa. Wakiwa kundi huzoea kutoka hata mchana, wakizunguka pamoja juu ya mawe, wengine wakiwa kichwa chini miguu juu, kama ingekuwa wana miguu, wakilamba chini ya paa la pango. Wenzao wawe siklidi wadogo wa Tanganyika au wa Ziwa Nyasa wanaopenda maji yale yale. Samaki wa dhahabu hutaka maji ya baridi zaidi, na guppy hugeuka chajio.

Chakula hutolewa taa zikizimwa. Kambare huyu hula karibu kila kitu, na soko la Kongowea peke yake linaweza kumlisha: uduvi waliolowekwa na kusuuzwa mara tatu ili chumvi itoke, vipande vidogo vya kamba, njegere zilizochemshwa na kumenywa, kipande cha tango kilichofungiwa jiwe kizame. Tembe za kuzama za dukani ziwe msingi, hivi vingine nyongeza. Dagaa wa kukaanga wasitiwe kamwe. Konokono wadogo wanaoletwa na mimea huwamaliza wenyewe. Wapo wafugaji wanaokuza viluwiluwi vya mbu kwenye ndoo ya uani kwa ajili ya samaki. Ni chakula kizuri na desturi mbaya, hasa katika mji uliopigwa na chikungunya mwishoni mwa 2017 na mwaka uliofuata. Kiasi cha kila siku ni kile kinachoisha kabla ya asubuhi. Kinachobaki ni amonia.

Kila wiki robo ya maji ibadilishwe, yaani mtungi mmoja na nusu, kwa mpira unaofyonza uchafu kutoka mchangani. Sponji ikamuliwe ndani ya ndoo ya maji yaliyotolewa kwenye tangi. Chini ya bomba klorini huwafuta bakteria wote na kazi huanza upya.

Maradhi ni machache kwa anayefanya hayo. Linalowapata wengi ni madoa meupe kama chembe za chumvi, yanayotokea baada ya kuleta samaki mpya. Kambare hana magamba, kwa hiyo dawa humwingia upesi. Za shaba ziepukwe kabisa, na nyingine zianze kwa nusu ya kipimo kilichoandikwa. Maji kupandishwa hadi nyuzi 30 kwa siku kumi, hewa ikiongezwa maradufu, mara nyingi hutosha. Kinga ni rahisi zaidi: samaki mpya akae wiki mbili kwenye beseni lake.

Kuzaliana nyumbani kunawezekana, na pengine ndiko kunakomtofautisha kibeti na gogogo wengine wengi ambao huzalishwa kwa sindano za homoni. Jike hunenepa tumbo. Dume hubaki mwembamba. Bakuli hujazwa gololi na kufunikwa kwa chungu kilichotobolewa mlango mdogo. Wawili huingia humo na kutaga, mayai yakateleza katikati ya gololi mahali ambapo midomo ya wazazi haifiki, kwa kuwa wazazi hao hawalei, hula. Bakuli hutolewa asubuhi na mayai kuhamishiwa chombo chenye hewa. Huanguliwa kwa siku mbili au tatu. Vifaranga vikimaliza kiini huanza kulishwa Artemia, vidudu vya maji ya chumvi kali. Hao hata hapa nyumbani wapo: walipandwa kwenye mashamba ya chumvi ya kaskazini mwa Malindi katika miaka ya 1980, ingawa mayai yanayouzwa madukani huja kwa makopo kutoka ng'ambo.

Kibeti aliyetunzwa huishi miaka kumi na zaidi. Mpangaji wa Kongowea huweza kuhama nyumba mara tatu kabla samaki wake hajazeeka, na ndipo wazo la kumwachia mtoni humjia mtu kwa nia njema. Mito ya pwani ina gogogo wake, Synodontis zanzibaricus, aliyepewa jina na Wilhelm Peters mwaka 1868, na huyo hahitaji mgeni wa kugombania naye mapango. Kenya inajua gharama ya samaki aliyetiwa mahali pasipo pake: sangara, au mbuta, aliingizwa Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950, na samaki wengi wa asili wa ziwa hilo hawakuonekana tena. Anayehama na asiyeweza kubeba tangi ampe mfugaji mwingine au amrudishe dukani, hata kama ni bure. Mto Sabaki usiguswe.